Kadi Nne, Vyumba Vinne: Kupanga Matundu ya Laptopu ya Vipande

Oktoba 2016 Apple ilitoa MacBook Pro ambayo ubavuni haikuwa na kitu zaidi ya matundu ya USB-C na lile la hedifoni. HDMI haikuwepo tena. Sehemu ya kusomea kadi za kamera haikuwepo. Hata USB-A, lile tundu pana ambalo kila flashi, kila mausi na kila printa ilikuwa imelizoea, lilikuwa limefyekwa. Wateja walipiga kelele mpaka mwezi uliofuata kampuni ikashusha bei za adapta zake. Ile ya kugeuza USB-C iwe USB-A ikatoka dola 19 hadi dola 9. Kisha, Oktoba 2021, ikaja MacBook Pro nyingine, na HDMI pamoja na tundu la kadi za kamera vikawa vimerudi mahali pake.

Mteja aliyenunua mashine katika miaka hiyo mitano alikuwa amebeba uamuzi wa mtu mwingine. Mtengenezaji wa laptopu huamua idadi na aina ya matundu muda mrefu kabla mashine haijafika dukani, na akishaamua, umbo la mazabodi na la ganda hufuata uamuzi huo. Mwalimu anayehitaji projekta, mpiga picha anayehitaji kadi ya kamera na mhasibu anayehitaji printa ya risiti wote huuziwa ubavu uleule. Anayekosa tundu lake hununua adapta, na adapta huachwa nyumbani siku inapohitajika.

Julai 2021, miezi michache kabla Apple haijarudi nyuma, kampuni changa ya San Francisco iitwayo Framework ilianza kusafirisha laptopu yake ya kwanza. Mwanzilishi wake, Nirav Patel, alitokea Oculus, kampuni ya miwani ya uhalisia bandia. Laptopu hiyo ya inchi 13.5, yenye uzito wa kilo 1.3, ilikuwa na vyumba vinne vitupu, viwili kila upande, na mnunuzi alijaza mwenyewe: USB-C, USB-A, HDMI, DisplayPort, kisomaji cha kadi ndogo za kumbukumbu, au hifadhi ya gigabaiti 250 au terabaiti 1. Tovuti ya mafundi ya iFixit iliipa alama 10 kwa 10 kwa urahisi wa kutengenezeka. Baadaye ilikuja Framework 16 yenye vyumba sita, na mwaka 2025 ikatangazwa ndogo ya inchi 12. Kadi za mwaka 2021 bado zinaingia katika mashine zote hizo.

Wengi wanaoketi kuchagua kadi huanza kwa kutazama nyuso zake: nataka HDMI, nataka USB-A mbili, nitaona ya nne. Kinachoamua kama kadi itafanya kazi yake ni kile kilicho nyuma ya chumba inamoingia, na kwa macho vyumba vyote vinafanana. Kwa hiyo hesabu ya kweli ni ya kuoanisha kadi na chumba. Hapo ndipo watu hupoteza jioni nzima wakidhani wameuziwa kadi mbovu.

Tuanze na kadi yenyewe. Ni kijisanduku cha kama sentimita 3 kwa 3, unene wake haufiki sentimita 1. Upande mmoja una plagi ya USB-C inayozama ndani ya laptopu na kukutana na tundu la USB-C lililoshikamana na mazabodi. Upande wa pili ndio uso unaouona. Unaisukuma mpaka ibane. Ukitaka kuitoa unabonyeza kitufe kilicho chini ya laptopu na kuitelezesha. Huzimi mashine wala hushiki bisibisi. Kadi ya USB-C haina chochote cha maana ndani yake, ni njia inayopitisha umeme, data na picha kutoka kwenye mazabodi hadi nje. Kadi ya HDMI ina chipu inayogeuza picha iliyokuja kwa mfumo wa DisplayPort iwe HDMI. Kadi ya hifadhi ni diski ya USB iliyofupishwa.

Wako wanaoibeza laptopu hii kwa sababu hiyohiyo. Wanasema kadi ni adapta za kawaida zilizopewa shimo la kujificha. Wanasema kweli, na mimi naona ukweli huo ndio uliomwokoa Patel. Google ilihangaika kwa miaka na mradi wa Ara, simu ya kuunganishwa vipande, ikaufuta Septemba 2016. Simu ile ilihitaji mfumo wake wa kuunganisha, na mfumo wa namna hiyo unahitaji watengenezaji wengi wakubali kuwekeza kabla hata mteja wa kwanza hajapatikana. Kadi za PCMCIA za laptopu za zamani, ambazo kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 1990, na warithi wao wa ExpressCard walioanza mwaka 2003, zilikuwa na viwanda vingi nyuma yake, na bado zilizikwa pale USB ilipoweza kufanya kazi zilezile kwa waya wa bei chee. Framework haikubuni kiunganishi. Ilichukua USB-C, ambayo maelezo yake yalitolewa mwaka 2014, ikaizungushia ganda, kisha ikaweka michoro ya kadi hadharani ili yeyote atengeneze yake. Ndiyo maana leo kuna watu waliojitengenezea kadi inayomeza kile kipokezi kidogo cha mausi isiyo na waya, kisibaki kimechomoza kikivunjika begini.

Sasa vyumba. Katika laptopu za mwanzo za Framework 13 zilizotumia prosesa za Intel, vyumba vyote vinne vilikuwa na uwezo sawa. Kimoja chochote kilipokea chaji, kilitoa picha, kilipitisha data kwa kasi ya juu. Mtu aliyeanzia hapo alijifunza kwamba kadi inaingia popote, na kwake hilo lilikuwa kweli kabisa.

Mwaka 2023 likaja toleo la prosesa za AMD Ryzen 7040 na hesabu ikabadilika. Vyumba viwili vya nyuma, vile vilivyo karibu na bawaba za kioo, vina USB4 yenye kasi ya hadi gigabiti 40 kwa sekunde. Vinachaji na vinatoa picha. Viwili vya mbele vina USB 3.2 ya gigabiti 10. Vyote viwili vinachaji, lakini ni kimoja tu kinachotoa picha. Ukiweka kadi ya HDMI katika kile kisichotoa picha, kioo cha nje kitabaki cheusi. Kadi ni nzima, waya ni mzima, projekta ni nzima. Njia ya picha ndiyo haikuwahi kufika kwenye chumba hicho, kwa sababu prosesa yenyewe ina njia chache za kugawa. Hakuna programu itakayorekebisha jambo hilo.

Katika Framework 16 tofauti ni kubwa zaidi, maana vyumba ni sita na njia hazikuongezeka kwa uwiano huo. Vya nyuma kabisa ndivyo vyenye USB4. Vya mbele kabisa havichaji wala havitoi picha. Ni vya data na sauti tu. Ukichomeka chaja hapo na kuona betri inashuka, usikimbilie kubadili chaja. Matoleo ya mwanzo ya mashine hiyo yalikuja na chaja ya wati 180, na chaja ya namna hiyo inataka chumba kinachoweza kupokea mzigo wake.

Kuna mtego unaotokana na sifa bora kabisa ya laptopu hii. Mtu aliyenunua toleo la Intel mwaka 2021 anaweza, miaka miwili baadaye, kununua mazabodi ya AMD na kuifunga katika ganda lilelile, na kadi zake zote zikabaki mahali zilipokuwa. Zimebaki, ila chini yake ardhi imehama. Kadi ya HDMI iliyokaa mbele tangu siku ya kwanza inaweza kujikuta katika chumba kisichojua picha. Kwa nje hakuna alama. Ganda halikuandikwa namba wala nembo, na lisingeweza kuandikwa, kwa kuwa lilitengenezwa kabla ya mazabodi hiyo kuwepo. Kampuni huchapisha mchoro wa vyumba kwa kila toleo, na mchoro huo ndio wa kusoma kabla ya kufungua mkoba kununua kadi yoyote. Ningekuwa mimi ningeuchapa na kuubandika chini ya laptopu.

Halafu kuna umeme, jambo ambalo laptopu ya kawaida haimlazimu mtu kulifikiria. Kadi yenye chipu ndani yake hula umeme hata pale isipotumika, au humzuia bwana mkubwa, prosesa, asizame katika usingizi mzito. Wenye matoleo ya mwanzo waliona hili kwa kadi za HDMI na DisplayPort: walifunga laptopu usiku, asubuhi wakakuta betri imeliwa kuliko walivyotarajia. Framework ilitoa marekebisho ya programu ya ndani ya kadi hizo ili zilale vizuri zaidi zinapokuwa hazina kazi. Katika toleo la AMD 7040 kampuni yenyewe inaonya kwamba kadi ya USB-A ikiwekwa katika vyumba vya nyuma hutumia umeme mwingi kuliko ikiwekwa mbele. Basi mambo mawili yanaungana vizuri: USB-A haihitaji kasi ya gigabiti 40, na mbele inakula kidogo. Kuiweka nyuma ni hasara mara mbili.

Kadi ya USB-C haina tabia hiyo kwa kuwa haina kitu cha kulisha. Ndiyo sababu mojawapo ya kuipa nafasi ya kwanza katika mpangilio wowote. Sababu ya pili ni kwamba ndiyo kadi pekee isiyopunguza uwezo wa chumba. Weka HDMI katika chumba cha USB4 na umekifanya chumba cha picha tu. Weka USB-C na chumba kinabaki na kila kilichojaliwa.

Ni ngapi basi? Watu huuliza swali hili kana kwamba USB-C moja ya kuchajia inatosha. Naona mbili ndicho kiwango cha chini, moja kila upande, hata kwa mtu ambaye hana kifaa chochote kingine cha USB-C. Soketi ya ukutani haichagui upande. Darasani iko kushoto, kwenye basi iko kulia, na sebuleni iko nyuma ya kochi. Laptopu nyingi za bei ghali zinachaji upande mmoja tu, na mwenye nazo amezoea kuuburuta waya mbele ya kibodi bila kujua kwamba jambo hilo lina dawa. Kati ya mambo yote ambayo kadi hizi zimeleta, hili la kuchaji upande wowote ndilo linaloguswa kila siku, na halisifiwi sana katika matangazo.

USB-A inaendelea kudai chumba chake na itaendelea kwa miaka. Wanaosema imekufa hawajakaa katika ofisi ya serikali, duka la dawa au maktaba ya chuo. Flashi zinazozunguka mikononi mwa wanafunzi ni za USB-A, kadhalika modemu za intaneti za kampuni za simu, visomaji vya alama za vidole, printa za risiti na kibodi za ziada. Moja inatosha kwa wengi. Anayetumia mausi ya waya na flashi kwa wakati mmoja aweke mbili, na aziweke pande tofauti, maana flashi nene huziba jirani yake.

Kwa picha, chaguo ni kati ya HDMI na DisplayPort, na kwa msomaji wa Kiswahili karibu kila mara jibu ni HDMI. Projekta za kumbi, televisheni za hoteli na vioo vya ofisini vinaongea HDMI. DisplayPort ni ya aliye na kioo cha mezani kinachodai marudio mengi ya picha kwa sekunde, yaani mchezaji wa michezo ya kompyuta au mhariri wa video, na huyo naye mara nyingi anaweza kutumia waya wa USB-C kwenda DisplayPort kupitia kadi ya USB-C aliyo nayo. Miongoni mwa kadi za kampuni hakuna VGA, lile tundu la buluu lenye pini 15 ambalo bado linaning'inia kwenye projekta kuukuu za shule na kumbi za mikutano. Kwa kumbi hizo, hata mwenye laptopu ya vipande atabeba adapta ya HDMI kwenda VGA kama wengine wote.

Kadi za hifadhi zinavutia kuliko zinavyofaa. Ni kweli unaweza kuweka mfumo mzima wa uendeshaji katika terabaiti 1 ya pembeni, ukawa na Linux kwenye kadi na Windows ndani, ukachomoa upendavyo. Kwa mtaalamu wa kompyuta hiyo ni raha. Kwa mwingine ni chumba kimoja kati ya vinne kilichofungwa daima, na diski inayoweza kuchomolewa kwa kubonyeza kitufe bahati mbaya katikati ya kazi. Kasi yake ni nzuri kwa USB, takriban megabaiti 1,000 kwa sekunde katika kusoma, lakini diski ya M.2 iliyo ndani ya laptopu inaipita mara kadhaa na inaweza kubadilishwa na mtu yeyote mwenye bisibisi inayokuja na mashine. Anayehitaji nafasi zaidi aanze huko.

Kadi ya mtandao wa waya ilifuata mwaka 2022, ya gigabiti 2.5, na ndiyo pekee iliyoshindwa kujificha. Plagi ya mtandao ni nene kuliko laptopu ilivyo na nafasi ya kuimeza, kwa hiyo kadi imechomoza nje. Ni kadi ya mezani: fundi wa mitandao huichomeka afikapo kwenye seva na kuichomoa aondokapo. Kisomaji cha kadi kubwa za kamera kilichelewa kuliko kile cha kadi ndogo, na wapiga picha walikilalamikia kwa miaka kabla hakijatoka. Upande wa sauti kuna jambo moja la kuangalia kabla ya kulipa: Framework 13 ina tundu la hedifoni lililojengwa ndani, Framework 16 haina. Mnunuzi wa 16 anayetumia hedifoni za waya anapoteza chumba kimoja kwa kadi ya sauti, na kwangu hiyo ni dosari. Tundu la milimita 3.5 ni dogo na rahisi, na laptopu kubwa kuliko zote za kampuni ndiyo iliyoachwa bila.

Hesabu ya fedha ni fupi. Bei za mwanzo zilikuwa dola 9 kwa USB-C au USB-A na dola 19 kwa HDMI, hivyo USB-C mbili, USB-A moja na HDMI moja zilikuwa dola 46. Kituo kimoja cha adapta nyingi cha dukani kinaweza kukupa matundu hayo yote kwa bei isiyotofautiana sana, tena kikafanya kazi kwenye laptopu yoyote. Hapa ndipo hoja ya wapinzani ina nguvu zaidi. Mtu anayefanya kazi mezani siku nzima akiwa na kituo hicho anahitaji tundu moja zuri la USB-C. Matatu yanayobaki ni akiba. Kusema kweli, ukiwachunguza wenye laptopu hizi, wengi hupanga kadi zao siku ya kwanza na hawazigusi tena mwaka mzima. Ile picha ya mtu anayebadili matundu kila asubuhi kulingana na ratiba yake ni ya matangazo.

Lakini kubadili kila asubuhi hakukuwa faida yenyewe. Faida inaonekana siku tundu linapovunjika. Maelezo ya USB-C yanataka tundu livumilie kuchomekwa na kuchomolewa mara 10,000, na yale ya USB-A ya kawaida mara 1,500. Idadi hizo ni za kuchomeka kwa unyofu. Hazihesabu mtoto aliyekanyaga waya wa chaja, wala laptopu iliyoanguka kitandani ikiwa imechomekwa. Katika laptopu nyingi nyembamba za leo tundu la chaji limelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Likilegea, fundi wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli Avenue jijini Nairobi atalibandua kwa hewa moto na kulehemu jingine, na kama mkono wake si mwepesi ataondoka na vijia vya shaba vya jirani. Akishindwa, utaambiwa ununue mazabodi nzima, na hapo wengi huitupa mashine. Kwa Framework kinachopokea pigo ni kadi. Plagi iliyo ndani haiguswi na waya wa nje, huchomekwa mara chache, na imebanwa pande zote na ganda. Kadi ikifa unaichomoa na kuweka nyingine, na wakati ukiisubiri unachaji kupitia chumba kingine. Adapta ya dukani haiwezi kulinganishwa na hilo, maana yenyewe inaning'inia kwenye tundu lililolehemiwa na kulizidishia uzito.

Ulaya imeanza kulisukuma jambo hili kwa sheria, ingawa kwa upande mmoja tu. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2022 kuhusu chaja ya pamoja ulizifikia simu tarehe 28 Desemba 2024, na tarehe iliyowekwa kwa laptopu ni 28 Aprili 2026. Unadai laptopu zichajiwe kwa USB-C. Haudai tundu hilo liweze kubadilishwa. Kwa hiyo tunaelekea dunia ambamo tundu lilelile moja linachaji, linatoa picha na kubeba data, linachomekwa mara nyingi kuliko matundu yote ya zamani kwa pamoja, huku katika mashine nyingi likiwa bado limelehemiwa kwenye kipande cha gharama kubwa kuliko vyote.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna kikwazo ambacho hakimo katika mapitio ya magazeti ya ng'ambo. Framework ilianza kuuza Marekani na Canada, ikaenea Ulaya, Australia na Taiwan. Kwetu mashine hizi hufika zaidi katika begi la ndugu anayerudi likizo au la mwanafunzi aliyemaliza masomo nje. Kadi ya dola 9 ikiagizwa peke yake kwa kampuni ya usafirishaji inaweza kugharimu nauli inayozidi bei yake, na ushuru bado. Hilo linageuza ushauri wa kawaida wa kununua unachohitaji leo na mengine baadaye. Baadaye ni ghali. Anayetumiwa laptopu hii aagize kadi za akiba katika kifurushi kilekile, na azichague kwa kuangalia kitakachovunjika kwanza. Si vigumu kukikisia: ni kile kinachobeba chaja.

Michoro iliyo wazi inasaidia kwa nadharia zaidi kuliko kwa vitendo. Ganda la kadi linaweza kuchapwa kwa printa ya 3D, na karakana za wabunifu jijini Nairobi na Dar es Salaam zinazo printa hizo. Plagi na kibao chake kidogo ni kazi nyingine, inataka kuagiza vipande na kulehemu kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa kosa katika njia ya umeme litaifikia mazabodi. Kwa kadi ya USB-A au ya kumeza kipokezi cha mausi fundi mzuri anaweza kujaribu. Kwa kadi ya kuchajia nisingemshauri mtu.

Mwenye Framework 13 ya AMD 7040 anayeniuliza apange vipi, ningemwambia aweke USB-C nyuma kushoto na USB-C nyuma kulia, ili achaji upande wowote na abaki na njia mbili za kasi kwa kituo cha mezani au diski ya nje. HDMI ikae mbele, katika chumba kile kinachotoa picha, na USB-A ikae mbele upande wa pili, ambako picha haikufika na ambako inakula umeme kidogo. Akisafiri mwendo mrefu bila projekta, aichomoe HDMI na kuweka kisomaji cha kadi za kamera au USB-A ya pili. Mwenye mashine ya Intel ya mwaka 2021 anaweza kuutumia mpangilio huohuo bila kupoteza kitu, na siku akibadili mazabodi hatakuwa na la kuhamisha. Kadi ya tano iwe USB-C nyingine, ikae pamoja na chaja. Na kwa aliye Mwanza au Bujumbura, hiyo ndiyo ya kununua hata kabla ya HDMI.